Kikohozi kinaondoka, mgongo wa kati unabaki: uzi wa tunaokohoa tukiwa tumeshika ukuta

Kifua_Chuma (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa nimeegemea mto, maana kukaa wima zaidi ya nusu saa bado ni mtihani.

Kisa chenyewe kifupi. Mafua yalinishika kama yanavyomshika kila mtu: koo kuwasha, pua kuziba, homa ya siku mbili. Homa ikaondoka, pua ikafunguka, kikohozi kikagoma. Siku kama ya tisa, usiku, nikakohoa mfululizo mara tano au sita, na kwenye ile ya mwisho nikasikia kitu kimenichoma katikati ya mgongo, upande wa kushoto, chini kidogo ya kombe la bega. Kama mtu kanidunga bisibisi. Tangu hapo kikohozi kikianza kupanda najua kinachokuja nyuma yake, basi nashika ukuta, nafumba macho, napokea.

Nilipoanza kuulizia nilikutana na watu wa aina mbili tu. Yule wa "ni misuli hiyo, itapoa yenyewe", na yule wa "hayo ni mapafu, wahi". Katikati ya hao wawili kuna mengi, ndiyo maana nimeamua kuyamwaga hapa niliyojifunza kwa wiki tatu za kuumia.

Tuanze na kikohozi. Tumezoea kukiona kama pumzi inayotoka kwa nguvu, kumbe ni kazi ya kiwiliwili kizima. Unavuta hewa, koo linafungwa kwa muda mfupi mno, kama sekunde 0.2, huku misuli ya tumbo, ya mbavu na ya mgongo inakaza kwa pamoja wakati mlango wa hewa bado umefungwa. Presha ndani ya kifua inapanda, na kwa kikohozi kikali inaweza kufika milimita 300 za zebaki. Presha ya damu ya mtu mzima mwenye afya, ile namba ya juu, inacheza karibu na 120. Halafu koo linafunguka ghafla na hewa inafyatuka.

Sasa mashine yote hiyo imefungwa wapi? Mgongoni. Mgongo wa kati una pingili 12, na kila pingili imebeba mbavu mbili, moja kulia na moja kushoto. Pale ubavu unapokutana na pingili kuna viungo vidogo, vina mishipa yake ya fahamu na vinauma kama goti linavyouma. Kati ya ubavu na ubavu kuna misuli, nafasi 11 kila upande. Ukikohoa mara moja vyote hivyo vinavutwa. Ukikohoa kutwa nzima na usiku juu, siku kumi, ni kama kumchukua mtu asiyefanya mazoezi ukambebesha mizigo wiki nzima bila kumpumzisha.

Kwa hiyo kinachouma kwa wengi wetu ni kimoja kati ya hivi: msuli wa kati ya mbavu uliovutika, ile misuli mirefu ya pembeni ya uti wa mgongo iliyokaza ikakataa kulegea, au kile kiungo kidogo cha ubavu na pingili. Hiki cha mwisho ndicho chenye tabia ya kuchoma sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, na ukigeuka kitandani au ukivuta pumzi ndefu kinakukumbusha kwamba kipo.

Jambo ambalo sikulielewa hadi wiki ya pili ni hili. Nilikuwa nameza dawa ya maumivu na kushangaa mbona siponi. Msuli uliovutika kidogo hupoa kwa wiki mbili au tatu ukiachwa. Wangu hauachwi. Kila kikohozi kinautonesha. Nilikuwa nabandua kidonda kila saa halafu nalalamika hakikauki. Nilipoacha kuuhangaikia mgongo peke yake nikahangaikia kikohozi, na namna ninavyokohoa, ndipo nikaanza kulala.

Waliopita njia hii waje kwanza, nitaendelea.

Mpita_Njia

Naweka kambi hapa mkuu. Wewe wa kushoto, mimi wa kulia. Tukikatwa katikati tukaunganishwa anapatikana mtu mmoja mzima.

Mama_Wawili

Pole sana kaka. Swali: umesema "namna ninavyokohoa". Kwani kuna namna? Mimi kikija kinanikuta popote, nakunjika kama panga la kukunja na kushika kiuno.

Kifua_Chuma

Ipo dada, na huko kukunjika ndiko kunakotuumiza. Ukijikunja mbele huku umezungusha mwili kidogo upande mmoja, ile presha yote inaangukia mgongo uliokwisha vutwa hadi mwisho. Ninavyofanya sasa:

Nikiwa nimesimama, nalegeza magoti, naweka kiganja kimoja ukutani au mezani, kifua nakielekeza mbele bila kuuviringa mgongo. Kichwa nakielekeza mbele, sikigeuzi pembeni. Nikiwa nimekaa, miguu yote miwili chini, nakumbatia mto au taulo lililokunjwa, naubana kifuani na mikono yote miwili pale kikohozi kinapotoka. Mto unazishikilia mbavu zisipanuke ghafla. Hii wanafundishwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kifua au tumbo, na ndipo nilipoipata, kwa ndugu yangu aliyepasuliwa tumbo. Siku ya kwanza nilicheka. Usiku wake nikalala na huo mto.

La pili, kama una makohozi, kuna kikohozi cha mdomo wazi. Vuta pumzi ya kawaida, si ndefu sana, shikilia kidogo, halafu itoe kwa nguvu huku mdomo na koo vikiwa wazi, kama unavyopulizia kioo cha miwani ukitaka kukifuta: "haaa". Rudia mara mbili tatu. Makohozi yanapanda taratibu bila ule mlipuko. Yakishafika juu, kikohozi kimoja kidogo kinayamaliza, badala ya kumi na tano vikali.

La tatu, kikohozi kikavu kisichotoa kitu si lazima ukitii kila kinapoita. Meza mate, kunywa funda la maji, funga mdomo uvute hewa taratibu kwa pua. Mara nyingine kinapita. Mara nyingine hakipiti, unashika ukuta.

Viungo_Vyangu

Kazi yangu ni fiziotherapia, niongezee kidogo. Mleta mada amesema vizuri kuhusu mto. Kosa ninaloliona kila siku ni mgonjwa kujigandisha. Anaogopa kuuma, basi anapumua kwa juu juu, mabega yamepanda masikioni, anatembea kama amevaa ubao. Baada ya siku nne hana tu msuli uliovutika, ana mgongo mzima uliokaza. Na mapafu yasiyojazwa vizuri yanashikilia makohozi, makohozi yanaleta kikohozi. Umeona mzunguko huo?

Kwa hiyo kila baada ya saa moja au mbili, ukiwa macho: kaa wima, weka viganja pembeni ya mbavu, vuta hewa kwa pua taratibu hadi uhisi mbavu zinasukuma viganja, toa kwa mdomo. Pumzi tano. Zikiuma kidogo ni sawa, zikikukata acha.

Mwendo wa mgongo wenyewe: magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, inua mgongo juu kama paka anayejinyoosha, kisha uteremshe taratibu. Mara nane. Halafu lala ubavu, magoti umeyakunja, mikono yote miwili mbele yako, uinue mkono wa juu uufungue kwenda nyuma kama unafungua jalada la kitabu, macho yanafuata mkono. Magoti yabaki yamebanana. Mara tano kila upande, upande unaouma ufanye kidogo. Mwenye kiti cha mgongo mfupi anaweza pia kukaa, kushika kisogo kwa mikono, na kuegemea nyuma taratibu juu ya ukingo wa kiti. Hapo ndipo mgongo wa kati unapofunguka.

Hayo ni kwa maumivu ya misuli. Kama ubavu umevunjika au una mifupa dhaifu, hilo la kuegemea kiti lisikuhusu kabisa.

Kamanda_Mstaafu

Vijana mnajisumbua. Sisi tulikuwa tunafunga kitambaa kipana kuzunguka kifua, unakaza, unaendelea na kazi. Wiki mbili umepona.

Viungo_Vyangu

Mzee wangu, heshima yako. Hata hospitalini zamani mbavu zilifungwa hivyo hivyo. Iliachwa kwa sababu kifua kilichofungwa hakipanuki, na pafu lisilopanuka ni nyumba ya nimonia, hasa kwa mtu mwenye umri. Mto unabana sekunde mbili kikohozi kinapotoka kisha unauachia. Kitambaa kinabana saa 24. Tofauti ni hiyo tu lakini ni kubwa.

Kamanda_Mstaafu

Sawa mwanangu. Nimekusikia. Sijasema nimekubali.

Mbishi_Hodari

Mnazunguka mbuyu. Kameze antibaiotiki kikohozi kife, mgongo utapona wenyewe. Mimi huwa nabakiza vidonge vya safari iliyopita, nikikohoa tu nameza vitatu.

Nesi_wa_Zamu

Mbishi, vidonge vitatu vya kubakiza ndivyo vinavyowafundisha wadudu ukaidi. Vikohozi vingi vinavyofuata mafua vinatokana na virusi, na antibaiotiki haiwagusi virusi. Homa inaisha ndani ya siku chache ila njia ya hewa inabaki imechubuka na kuwashwa kwa wiki mbili hadi tatu, wakati mwingine zaidi. Watu wanategemea kikohozi kiishe ndani ya wiki, kisipoisha wanadhani dawa imeshindwa. Haijashindwa, haikuwa kazi yake.

Sasa mleta mada amezungumzia misuli na mimi sina ugomvi naye, wengi ni misuli kweli. Lakini naomba kila anayesoma ajiulize swali moja analouliza mtu wa zamu usiku: je, maumivu yako yanasubiri kikohozi, au yapo tu?

Maumivu ya msuli yanasubiri. Ukitulia yanatulia, ukilala mkao fulani yanapotea, ukibonyeza unayapata, ukigeuka yanaamka. Yakiwa yapo tu, mchana na usiku, umelala umekaa, yanaongezeka wiki kwa wiki, hayo hayakuletwa na kikohozi. Huenda kikohozi na maumivu vyote vimeletwa na kitu kingine.

Nimetaja hilo kwa sababu ya kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku linalolowesha shuka, homa za jioni, kupungua uzito: hapo kipimo cha makohozi hakisubiri. Na kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kikiingia kwenye mifupa, uti wa mgongo ndio kinaoupenda kuliko mifupa mingine, hasa sehemu ya chini ya mgongo wa kati na mwanzo wa kiuno. Daktari wa Kiingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Unaanza kama maumivu ya mgongo ya kawaida, taratibu, kwa wiki na miezi. Pingili inaliwa, mgongo unatokeza kibiongo, miguu inaanza kuishiwa nguvu. Ukishikwa mapema unatibika kwa dawa. Na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, kwa hiyo kutokuwa na kikohozi kusikudanganye pia.

Kile wazee wanachokiita kichomi nacho kiangalieni. Maumivu makali ya upande mmoja yanayokata pumzi, pamoja na homa iliyorudi baada ya kuwa imeondoka, kutetemeka, makohozi ya rangi ya kutu au ya kijani mazito: hiyo inaweza kuwa nimonia imegusa utando unaofunika mapafu. Sehemu ya chini ya pafu iko nyuma, kwa hiyo mtu anaweza kusema "mgongo" na kumbe ni pafu.

Na haya hayasubiri asubuhi: kupumua kwa shida ghafla, kukohoa damu, midomo kuwa ya bluu, mguu mmoja umevimba na kuuma huku kifua kinachoma (damu iliyoganda inaweza kuwa imepanda kwenye mapafu), maumivu ya kupasua kati ya makombe ya mabega yaliyokuja ghafla pamoja na jasho la baridi, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo. Hapo uzi ufungwe, mtu aende.

Mpita_Njia

Nesi umenitisha. Mimi yanasubiri kikohozi, lakini pia yanasubiri kucheka, kupiga chafya, na kufungua mlango mzito. Na nikibonyeza pembeni, chini ya kwapa kuja nyuma, kuna sehemu ukiigusa naona nyota.

Nesi_wa_Zamu

Pembeni pale? Umekohoa muda gani?

Mpita_Njia

Wiki ya tano inaingia.

Nesi_wa_Zamu

Kwanza wiki tano ukapimwe makohozi, hilo halina mjadala. Pili, kikohozi kinaweza kuvunja ubavu, hasa ule wa tano hadi wa tisa, na mara nyingi pembeni. Nenda ukabonyezwe na mtu anayejua anachobonyeza.

Mjukuu_wa_Bibi

Nimesoma nikakumbuka ya kwetu. Bibi ana miaka 78, alipata kikohozi, siku moja akakohoa akasema "mgongo umelia". Tukamkanda maji ya moto, tukamchua. Wiki ya pili akawa hawezi kunyanyuka kitandani bila kugeuzwa. Kituo tulichoanzia walimpa vidonge vya maumivu bila kumgusa mgongo wala kumpiga picha. Tulipompeleka kwingine picha ikaonyesha pingili moja imebonyea, imekaa kama kabari, mbele nyembamba nyuma nene. Daktari akatueleza kwamba mifupa ikishakuwa mepesi kwa umri, hata chafya inatosha. Akauliza pia kama bibi anatumia dawa za steroidi. Ana pumu, kazitumia miaka mingi, na hizo zinalainisha mifupa.

Ninachojuta ni kuchua. Tulimchua kwa nguvu tukidhani tunasaidia.

Sasa hivi anatembea, ana dawa za mifupa, ila amepungua kimo na anasema nguo zake zimekuwa ndefu.

Viungo_Vyangu

Pole kwa bibi. Kwa wengine wenye wazee: mtu wa umri huo, au anayetumia steroidi muda mrefu, akilalamika mgongo umeuma ghafla baada ya kikohozi, asichuliwe na asikunjwe hadi apigwe picha. Kupungua kimo na kuinama mbele ni dalili pia, hata kama haumwi.

Presha_Juu

Mimi nilikohoa miezi minne. Kikavu, koo linawasha, usiku na mchana, mgongo ukawa unauma hadi nalala nimekaa. Nilipimwa makohozi, nikapigwa picha ya kifua, kote safi. Mtu aliyenitoa shimoni ni mfamasia, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Unatumia dawa gani ya presha?" Nikamwambia enalapril. Akacheka kwa huruma.

Dawa za jamii hiyo, enalapril, lisinopril, captopril, zinaleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na kinaweza kuanza hata miezi baada ya kuanza dawa. Daktari akanibadilishia. Kama wiki tatu hivi kikakatika, na mgongo ukafuata.

Ila msije mkaacha wenyewe. Presha isiyodhibitiwa haikohoi, inaua kimya. Nenda kwa daktari, mwambie, atakubadilishia.

Mama_Wawili

Haya ndiyo mambo. Mimi sina presha ila kikohozi changu kinakuja nikilala tu. Mchana mzima salama, nikiweka kichwa kwenye mto, kinaanza.

Nesi_wa_Zamu

Kinachokuja ukilala mara nyingi ni kamasi zinazoteremka nyuma ya koo, au tindikali ya tumbo inayopanda, au pumu. Na si kila pumu inapiga filimbi, ipo inayojitokeza kama kikohozi tu. Hizo tatu ndizo zinazoongoza kwa wasiovuta sigara ambao kikohozi kimepita wiki nane na picha ya kifua ni safi. Una kiungulia?

Mama_Wawili

Ndiyo, tena sana. Na kulala nimeshiba ni desturi yangu.

Nesi_wa_Zamu

Basi anza na hapo. Maliza kula masaa matatu kabla ya kulala, inua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, weka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito mitatu kunakunja shingo na tumbo, tindikali inazidi kupanda na mgongo unazidi kuuma. Kisipotulia kwa wiki kadhaa nenda ukachunguzwe.

Kifua_Chuma

Narudi, maana kuna walioniuliza inbox kuhusu dawa na joto.

Joto limenifaa kuliko kitu kingine. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, kabla ya mazoezi aliyoyaeleza Viungo_Vyangu na kabla ya kulala. Siku mbili za kwanza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ilinituliza zaidi, baadaye ikawa inanikaza. Usilale juu ya chupa, ngozi ya mgongo inaungua huku umesinzia.

Paracetamol kwa mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane ndani ya saa 24. Mtego upo kwenye dawa za mafua. Nyingi zina paracetamol ndani yake. Mimi nilikuwa nameza zote mbili siku tatu bila kusoma pakiti, na ini ndilo linalolipia. Ibuprofen nayo inasaidia, na chakula, lakini mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, mjamzito, au mwenye pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo, asiguse bila kuuliza. Jeli ya diclofenac ya kupaka ilinifaa kwenye ile sehemu ya kidole kimoja.

Usiku nalala ubavu usiouma, mto kati ya magoti, mwingine nimeukumbatia. Mkono wa juu ukining'inia mbele bila mto unavuta kombe la bega usiku kucha, asubuhi unaamka umekaza.

Kwa kikohozi chenyewe: asali kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, maji ya kutosha mchana, na kukaa mbali na moshi. Dawa za maji za kikohozi nilinunua chupa mbili, sina la kuzisifia.

Mama_Wawili

Asali kwa watoto je? Mwanangu mdogo ana miezi minane, naye anakohoa.

Nesi_wa_Zamu

Chini ya mwaka mmoja hapana, hata kidogo, hata kulambishwa. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga, anapooza. Na usimfukize kwa beseni la maji ya moto, watoto wanaungua hivyo. Mtoto wa miezi minane akikohoa mfululizo hadi anatapika au anavuta pumzi kwa mlio, au anapumua haraka na mbavu zinaingia ndani, mpeleke leo. Kifaduro bado kipo. Kadi yake ya chanjo iko sawa?

Mama_Wawili

Iko sawa, zote kapata. Anakohoa kidogo tu na anacheza. Lakini kesho nampeleka.

Mkanda_Survivor

Kuna moja hamjaitaja. Mimi nilikuwa nakohoa pia, mgongo ukawa unawaka moto upande mmoja, kamstari kutoka uti wa mgongo kuja mbele chini ya titi. Hata shati likigusa nasikia moto. Nikajipa moyo ni kikohozi. Siku ya nne vikatoka vipele vya maji kwenye mstari ule ule. Mkanda wa jeshi. Dawa yake ya virusi inafaa zaidi ukianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, mimi nilichelewa nikijichua. Maumivu yalibaki miezi. Ngozi ikiwaka bila sababu, vueni shati muangalie kila siku.

Mbishi_Hodari

Nimevua shati. Hakuna kitu. Ila vile vidonge nimevirudisha duka la dawa, mfamasia kanisema hadi basi.

Kifua_Chuma

Wiki ya nne. Kikohozi kimebaki asubuhi tu, mara mbili tatu. Makohozi nilipimwa, hayana kitu. Mgongo naukumbuka nikifunga kamba za viatu. Jana nilipiga chafya bila kushika ukuta, nikasimama pale nikisubiri maumivu kama mtu anayesubiri ngurumo baada ya radi. Hayakuja. @Mpita_Njia uko wapi, umepotea.

Mpita_Njia

Nipo. Makohozi safi, nashukuru. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, nikafurahi, daktari akaniambia nisifurahi haraka. Akabonyeza ubavu wa saba pembeni nikamshika mkono. Akasema ufa mwembamba mara nyingi hauonekani kwenye picha siku za mwanzo, unaonekana baadaye mfupa ukianza kujiunga. Wiki sita hivi, pumzi ndefu kila saa, nisinyanyue kitu kizito, nisijifunge kitambaa. Hapo nilimkumbuka mzee wetu Kamanda.

Kifua_Chuma

Pole sana mkuu. Kwa hiyo yule mtu wetu wa kuunganishwa sasa ana ufa ubavuni.

Mpita_Njia

Ndiyo. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mto.

Kamanda_Mstaafu

Mto wa ukubwa gani?